Bi mkubwa, bati na kaskazi: joto la usiku ndilo la kuogopa

Swali: Assalamu alaykum daktari. Mama yangu ana miaka 76, anakaa Wete kwenye nyumba ya matofali ya saruji iliyoezekwa bati, haina dari. Ana presha na sukari. Kila asubuhi anameza amlodipini na kile kidonge kinachoandikwa HCTZ, na metformini asubuhi na jioni. Kaskazi iliyopita alianguka alfajiri akienda chooni, bahati hakuvunjika. Maji hanywi, anasema hana kiu, na usiku hataki hata tone kwa sababu choo kiko uani. Ramadhani ijayo inaangukia kwenye joto na anasema lazima afunge. Mimi niko mjini Unguja, yeye yuko na mjukuu wa miaka 15. Nimkataze kutoka juani? Nifanye nini hasa?

Jibu: Waalaykum salaam. Nitaanza na kule kuanguka, maana ndiko kunakoonesha ugonjwa uko wapi. Bi mkubwa kalala tangu saa tatu usiku chini ya bati lililokunywa jua mchana kutwa. Anatoka jasho, hanywi. Mishipa ya ngozi imepanuka ili mwili utoe moto, na amlodipini nayo kazi yake ni hiyo hiyo ya kulegeza mishipa. Kidonge cha HCTZ kimemkojoza tangu asubuhi ya jana. Inapofika alfajiri maji mwilini yamepungua na mishipa imelegea. Akisimama ghafla damu inateremka miguuni, kichwani inakosekana, na mtu anakwenda chini. Hilo watu huliita uzee. Uzee una sehemu yake, lakini kilichomwangusha usiku ule ni chumba.

Kwa hiyo juani, ndiyo, asikae, na nitalirudia kidogo. Lakini ukimkataza kutoka halafu akashinda na kulala ndani ya chumba kile, hujamsaidia, umemfungia na joto.

Kwetu kaskazi huanza Desemba, na Februari na Machi ndiyo miezi mikali: mchana nyuzi 32 au 33, na usiku ni nadra kushuka chini ya 25. Mtu aliyezoea kusikia nyuzi 45 za nchi za jangwa huona hilo dogo. Shida yetu ni unyevu. Mwili haupozwi na jasho linalotiririka, unapozwa na jasho linalokauka. Hewa ikishajaa mvuke wa bahari, jasho linachuruzika tu mpaka kwenye godoro, maji na chumvi vimekwenda, na moto umebaki pale pale. Kijana hufidia kwa moyo kupiga kwa kasi na kusukuma damu nyingi ngozini. Mzee wa miaka 76 moyo wake hauna nafasi hiyo, tezi zake za jasho zimepungua nguvu, figo zake hazizuii maji kama zamani, na kengele ya kiu imezimika. Akikwambia hana kiu hadanganyi. Kweli hana, na ndipo ilipo hatari. Joto hili pia hujilimbikiza: usiku mmoja mbaya anauvumilia, wa pili anaamka mchovu, wa tatu au wa nne ndio unaomwangusha.

Tuanze na chumba, maana hapo ndipo pesa na nguvu zako zitafanya kazi zaidi.

Nunua kipimajoto cha ukutani, cha kawaida kabisa, ukitundike kwenye kimo cha kitanda chake mahali pasipopigwa na jua. Mjukuu asome mara tatu: saa nane mchana, saa tatu usiku, na alfajiri. Kisha asome pia nje, kivulini barazani. Ukishapata namba za siku nne tano utajua jambo ambalo watu wengi hukisia kinyume. Nyumba ya bati bila dari, mchana huwa na joto kuliko nje kivulini. Kufunga madirisha "joto lisiingie" kunafaa nyumba za kuta nene za mawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe, ambazo ndani hubaki baridi mpaka adhuhuri. Kwenu moto unaingia kutoka juu, si dirishani. Kanuni ni moja: ndani kukiwa na joto kuliko nje, fungua pande zote mbili upepo upite, nje kukiwa na joto kuliko ndani, funga. Dirisha la magharibi tu ndilo liwekewe pazia zito au jamvi kwa nje kuanzia saa nane, maana jua la jioni linaingia limelala mpaka kitandani.

Bati lenyewe lina dawa mbili. Ya kwanza ni dari. Ubao wa silingi, au hata jipsamu, huzuia ule moto unaomwagika kutoka kwenye bati kama kutoka kwenye sinia la kuokea. Kama uwezo hauruhusu nyumba nzima, piga dari chumba chake peke yake, ila fundi aache matundu ya hewa pande mbili juu ya dari. Bila hayo joto hujikusanya pale na usiku kucha linashuka pole pole, ukawa umehamisha tatizo tu. Ya pili ni rangi nyeupe juu ya bati. Bati lililochakaa na kushika kutu linanyonya jua sana, jeupe linarudisha sehemu kubwa. Chokaa ni rahisi lakini masika moja inaoshwa, na kama mnakinga maji ya mvua kwa kunywa yale ya mwanzo mtayamwaga. Rangi ya bati hudumu zaidi.

Mpaka hayo yafanyike, mhamishe chumba. Kama kuna chumba upande wa mashariki au kinachofunikwa na kivuli cha mwembe mchana, alale humo kuanzia Januari hadi mvua za masika zitulie. Na godoro: sponji nene linakumbatia mwili na kurudisha joto lote. Tandika mkeka wa ukili juu ya shuka, au alale kitanda cha kamba chenye godoro jembamba la sufi. Chandarua kisiondolewe. Kinapunguza upepo, kweli, kwa hiyo sogeza feni karibu, mita moja hivi kutoka chandarua, ikielekezwa kiunoni na miguuni badala ya usoni.

Feni inazua ubishi. Wengine wanasema inapuliza moto. Hilo ni kweli hewa ikivuka nyuzi 40, na hapa kwetu haifiki huko. Tatizo la feni kwa mzee ni jengine: inakausha jasho, na yeye hana jasho la kutosha la kukausha. Basi mpe la kuazima. Chukua kanga, itie maji ya mtungi, ikamue mpaka isidondoke, umlaze nayo kuanzia mapajani hadi miguuni, na kipande kingine shingoni na mikononi, halafu feni ipige. Kila dakika 15 au 20 inyunyizwe tena. Maji yanayokauka pale yanachukua moto wa mwili kama jasho lenyewe, bila yeye kupoteza hata kijiko cha maji yake. Nusu saa kabla ya kulala na nusu saa baada ya adhuhuri inaleta tofauti kubwa.

Lakini si kila kanga. Siku hizi zipo zilizochanganywa nailoni, na madera mengi ya dukani ni hivyo hivyo, yanang'aa na kuteleza. Tia tone moja la maji juu ya kitambaa. Likisambaa papo hapo na kuacha doa pana, ni pamba; likibaki juu kama ushanga au likikawia kuingia, liache kabatini mpaka kipupwe. Buibui jeusi la nailoni ndani ya daladala saa saba mchana ni adhabu; kama ni lazima atoke, achague la pamba jepesi na chini yake asivae nguo mbili tatu.

Maji ya kulowesha na kuoga yatoke wapi? Kama mna tangi jeusi juu ya mnara, yale ya saa nane mchana huwa yanachoma. Jaza ndoo au mtungi alfajiri, ukae kivulini. Mwenye sukari apimiwe na mtu mwengine kwa kifundo cha mkono, asipime yeye kwa mguu wake, kwa sababu sukari ya miaka mingi huua hisia za nyayo. Kwa sababu hiyo hiyo asitembee peku kwenye saruji ya uani au mchangani mchana. Wagonjwa huletwa na malengelenge nyayo zote mbili, nao wanasema hawakusikia kitu.

Umeme nao usiutegemee mia kwa mia. Pemba inapata umeme kwa waya wa baharini kutoka Tanga tangu 2010, na Unguja ina wake. Wenzetu wa Unguja hawajasahau waya ulipokatika Desemba 2009 wakakaa gizani mpaka Machi 2010, kaskazi yote. Mwekee feni ndogo ya kuchaji na kipepeo cha ukili, na tukuza, ule umeme wa kulipia kabla, ijazwe mapema isije ikakatika usiku wa manane.

Sasa maji. Kumwambia "mama kunywa maji" hakujasaidia na hakutasaidia, kwa sababu hujagusa anachokiogopa. Anaogopa uani usiku, na kwa mtu aliyekwisha kuanguka huo ni woga wa akili timamu. Mwondolee choo cha usiku kwanza, maji atakunywa mwenyewe.

Mpelekee fundi seremala kipimo: kiti imara cha mbao chenye mikono, kimo cha sentimita 45 hivi, magoti yake yakae sawa na nyonga. Katikati kitobolewe tundu la sentimita 20 au 22, na chini iingie ndoo fupi yenye mfuniko. Wengine hukata kiti cha plastiki; msifanye hivyo, kikishatobolewa hupasuka siku moja akiwa amekalia. Kiwekwe hatua moja kutoka kitandani, upande anaoshukia, na taa ndogo ya betri au sola ibaki inawaka. Akiamka akae ukingoni mwa kitanda dakika mbili, apandishe na kushusha vifundo vya miguu mara 20, ndipo ashike mkono wa kiti na kusimama. Zile dakika mbili zina kazi. Misuli ya mguu inasukuma damu juu kabla kichwa hakijaihitaji.

Kisha mpangilie maji yake mengi yaingie kabla ya alasiri. Kwa mtu wa hali yake, ambaye hakuambiwa ana moyo kujaa maji wala figo kushindwa, lita moja na nusu hadi mbili za vinywaji kwa siku ya kaskazi zinatosha. Tumia chupa tatu za nusu lita zenye alama: ya kwanza iishe kabla ya saa tatu asubuhi, ya pili kabla ya adhuhuri, ya tatu kabla ya saa kumi. Baada ya hapo ni chai yake ya jioni na maji ya kumezea dawa. Na jambo linalosahaulika: kama vifundo vyake vinavimba jioni, na amlodipini huvimbisha, yale maji ya miguuni yanarudi kwenye damu akilala na kumkojoza usiku kucha. Ajilaze saa nzima mchana, tuseme saa tisa hadi saa kumi, miguu juu ya mito miwili, ayakojoe kabla ya magharibi.

Chai, kahawa ya kikombe kidogo, uji mwepesi, mchuzi, tikiti, yote yanahesabika. Juisi ya miwa ya tangawizi na ndimu, kwa mwenye sukari, hapana. Dafu linahitaji maelezo kidogo kwa sababu kila mtu analiona dawa. Lina madini ya potasiamu mengi na chumvi kidogo. Kwa bi mkubwa wako, ambaye HCTZ inamtoa potasiamu, dafu moja kwa siku linamfaa, akijua kwamba lina sukari kama gramu 10 hadi 15. Kwa mzee mwenye figo mbovu, au anayetumia dawa za presha na moyo kama enalaprili, losartani au spironolaktoni, potasiamu hiyo inaweza kupanda mpaka ikavuruga mapigo ya moyo. Huyo asinywe madafu kila siku bila kupimwa damu. Na kwa aliyeharisha au kutoka jasho jingi, dafu halitoshi, maana chumvi aliyoipoteza hailipi. Hapo ni ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini: pakiti ya gramu 20.5 ndani ya lita moja kamili ya maji safi, inywewe ndani ya saa 24, inayobaki imwagwe. Soma pakiti yenyewe, usikoroge kwenye kikombe kwa kukisia. Ile ya nyumbani, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote bapa, kwa lita moja, iwe ya dharura pakiti ikikosekana, maana ina sukari nyingi zaidi. Wala ORS si kinywaji cha kila siku kwa mwenye presha.

Onyo la upande wa pili. Watoto wakishaogopa hupindukia, wakamnywesha mama lita nne za maji matupu. Mzee anayekula HCTZ na aliyepunguziwa chumvi, akimiminiwa maji kiasi hicho, sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu, inashuka, na dalili zake ni kuchanganyikiwa, kichwa kuuma, kichefuchefu, kuyumba. Zinafanana na joto, basi wanamwongezea maji. Fuata rangi ya mkojo: manjano hafifu inatosha. Kama chai ya rangi, hajanywa. Mweupe kabisa siku nzima, amezidisha.

Dawa zake usizipunguze wewe wala yeye. Lakini daktari wake anatakiwa aziangalie upya kabla joto halijakolea, na kazi yako ni kumpelekea ushahidi. Mjukuu ampime presha bi mkubwa akiwa amelala kwa dakika tano, kisha asimame, apimwe tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Afanye asubuhi tatu mfululizo, aandike. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, hiyo ndiyo presha ya kusimama inayoangusha watu, na daktari wengi wakiona karatasi hiyo hupunguza au hubadilisha dawa moja kwa miezi ya joto. Ombeni pia kipimo cha figo, sodiamu na potasiamu. Na muulizeni mapema kuhusu siku ya kuharisha au kutapika: mara nyingi metformini na kidonge cha kukojoza husimamishwa siku hiyo mpaka ale na kunywa vizuri, lakini mpango huo uwe umeandikwa kwenye kadi yake, si wa kubuni saa sita usiku.

Angalia na mkoba wake wa dawa za dukani. Diklofenaki ya magoti, kwa mtu aliyekaukiwa na maji na yuko kwenye HCTZ, hupiga figo. Piriton na promethazini, zile za mafua na kuwasha, zinafunga jasho na kumtia usingizi mzito. Amitriptilini ya ganzi za miguu nayo ina tabia hiyo. Kwa wasomaji wenye wazee wa insulini: chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji, zisigande, iliyo katika matumizi isivuke nyuzi 30, ambazo chumba cha bati kinazipita kila mchana. Chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga mbichi, kivulini penye upepo, kinasaidia kwa kiasi chake.

Ramadhani. Nitasema wazi ninavyoona: kwa hali aliyonayo sasa, asifunge kwenye joto hili. Sukari ya metformini peke yake si kikwazo kikubwa, maana dawa hiyo ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Kinachonitia hofu ni saa 13 na kidogo bila maji, juu ya kidonge cha kukojoza, kwa mtu aliyekwisha kuanguka. Na kidonge hicho hakina wakati mzuri ndani ya funga: akikinywa daku kinamkausha mchana, akikinywa futari kinamkojoza usiku. Mpelekeni kwa daktari wiki sita au nane kabla ya mwezi kuandama, yamkini HCTZ ikabadilishwa. Mgonjwa na mzee asiyeweza wana ruhusa ndani ya Qur'ani yenyewe, na ipo fidia. Mwombe imamu wa msikiti wake amwambie kwa mdomo wake, kwa kuwa neno la mtoto halina uzito mbele ya jambo hili.

Akiruhusiwa na daktari kujaribu, masharti ni haya. Daku iliwe mwisho kabisa, na iwe chakula kinachokaa: maharage, uji wa ulezi, muhogo, si chai na mkate tu. Kuanzia magharibi hadi kulala glasi moja kila saa, na mbili daku. Bajia na samaki wa chumvi vipungue. Tarawehe aswali kwenye kiti, karibu na mlango. Sukari ipimwe asubuhi, adhuhuri na alasiri. Maulamaa wengi wanasema tone la damu ya kidole halifunguzi. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 kwa kipimo cha mmol/L, afungue hapo hapo, hata kama adhana imebaki dakika kumi. Akipata kizunguzungu au maneno yakimpotea, vivyo hivyo.

Sasa lile la mjukuu, maana siku mbaya atakuwa peke yake. Mfundishe alama moja kuu: akili. Mzee aliyechoka kwa joto anatoka jasho, kichwa kinauma, misuli inabana, kichefuchefu, lakini ukimuuliza leo siku gani anakujibu. Huyo alazwe penye upepo, miguu juu, alowanishwe, apewe ORS kidogo kidogo, na awe na nafuu ndani ya nusu saa; asipopata, apelekwe hospitali. Akianza kusema ovyo, akimwita mjukuu jina la mtu aliyekufa, akilegea, akitingishika au akizimia, na mwili unawaka, hicho ni kiharusi cha joto. Moto wa ndani umefika nyuzi 40 au zaidi na viungo vinapikwa. Usisubiri ngozi iwe kavu. Wengine jasho lipo.

Hapo mjukuu apige kelele jirani aje, na yeye asitafute gari kwanza. Apoze kwanza. Nguo za juu zitoke, ndoo ya maji imwagwe kichwani mpaka miguuni na iendelee kumwagwa, mtu wa pili apepee kwa nguvu au feni ipige. Barafu za mfuko, zikifungwa kwenye kitambaa, ziwekwe shingoni, makwapani na kinenani. Kama amelegea alazwe ubavu, na asipewe kitu mdomoni, hata maji ya kombe. Panadol haifanyi kazi, hii si homa ya ugonjwa. Aspirini inaweza kudhuru. Mwenye kutaka kumsomea amsomee huku anamwagiwa maji. Gari likifika waende hospitali ya Wete madirisha wazi, na kumwagia kuendelee njiani mpaka akili irudi. Kipimo cha sukari kikiwepo apimwe, kwa sababu sukari kushuka inafanana sana na hili. Mdomo ukipinda au mkono mmoja ukikosa nguvu, ni kiharusi cha ubongo. Muda ni ule ule wa haraka.

Na mzee mwenye joto la mwili ambalo halina sababu dhahiri apimwe malaria na mkojo. Malaria imepungua sana visiwani, haijaisha, na kaskazi haizuii mtu kuugua ugonjwa mwengine.

Juani, kama nilivyoahidi. Siku za mwanzo za Machi jua linapita utosini kabisa kwetu, ukuta hauna kivuli adhuhuri, kwa hiyo kusema "apite upande wa kivuli" ni maneno tu. Shughuli zake zimalizike saa tatu asubuhi au zianze baada ya saa kumi. Siku za pensheni jamii, ambayo tangu 2016 inawapa waliofika miaka 70, kama bado mnapanga foleni mpelekeeni kiti, mwavuli na chupa, au waombeni wazee waitwe mwanzo. Kina mama wa mwani wana tatizo lao maalumu: maji ya bamvu hukupwa saa nne asubuhi, kwa hiyo kazi inaangukia saa mbaya kabisa, na bahari inarudisha jua usoni. Aliyevuka miaka 65 afunge kamba kivulini ufukweni, kuingia majini awaachie wadogo.

Wewe uliye Unguja, kazi yako ni simu ya saa moja usiku, na usiulize "mama hajambo?" kwa sababu jibu ni hajambo siku zote. Muulize mjukuu: chupa ngapi zimekwisha, amekojoa mara ngapi tangu asubuhi na rangi gani, kipimajoto kimesoma ngapi saa nane, mchana amekula nini. Kisha mwombe akupe bi mkubwa mwenyewe, mzungumze dakika tano habari za jirani na bei ya tungule. Kama anakusimulia kwa mpangilio kama kawaida yake, lala. Kama anarudia rudia, au sauti imekuwa nzito na fupi, mwambie mjukuu alowanishe kanga sasa hivi na umpigie jirani mwenye gari kabla hujakata simu.